Fimbo 11 zimenidodea Albion, hivi huu ni wizi au ndo biashara?

kijana_wa_jangombe aliandika:

Assalamu alaykum wadau, poleni na mihangaiko. Mie kawaida yangu huwa nasoma tu hapa siandiki, ila leo imebidi mana nna donge rohoni na hapa maskani nikiwaelezea wananicheka, wao wanaona gemu ni gemu tu.

Nacheza Albion Online kwenye simu, seva ya Ulaya, nilianza muda mfupi baada ya kufunguliwa 2024. Kwa asiyeijua, hii gemu karibu kila kitu kilichomo kimetengenezwa na wachezaji wenyewe, upanga unaoushika kuna mtu kachimba madini yake, mwengine kayayeyusha, mwengine kaufua na mwengine kauleta sokoni. Na masoko hayaungani, kila mji una lake, Martlock bei yake na Thetford bei yake, kama vile Darajani na Konde, ukitaka kula tofauti ya bei ubebe mzigo mwenyewe ukapeleke. Mie ndo kazi yangu hiyo. Kupigana sipigani sana mana simu yangu ikishapata moto inaganda, kwaiyo nanunua ngozi na vitambaa mji huu napakia kwenye maksai napeleka mji ule, polepole, faida ndogo ndogo, miezi minane nikafikisha silva (ndo pesa ya humo) milioni 9 na ushee. Nilikuwa najiona Bakhresa mdogo.

Sasa mwezi uliopita jamaa akaniingiza kwenye grupu moja la Discord (mtandao wa kuchati wa wacheza gemu), watu kama mia nne wa kila nchi, wote wanajiita wafanyabiashara. Kiongozi wao anatoa mzigo wa wiki, yaani anasema nunueni kitu fulani kitapanda. Wiki mbili za mwanzo nilitazama tu na kweli vilipanda. Ya tatu nikasema sikubali kupitwa.

Ilikuwa saa nne usiku nipo barazani nna kikombe cha kahawa, ikaingia meseji, kuna fimbo ya T7, yaani daraja la saba (sitaitaja nisije nikampa mtu tamaa) apdeti ijayo inaongezewa nguvu, nunueni zote Martlock sasa hivi na mtu asiuze chini ya laki tisa. Nikafungua soko nikaona zinapanda mbele ya macho yangu, 480, 560, kila nikirifreshi imepanda, moyo unanidunda kahawa ikapoa. Nikachukua 14 kwa wastani wa 640,000 kila moja. Nikaziweka sokoni kwa 850,000 nikenda kulala nimefurahi.

Asubuhi kabla sijenda skuli (nafundisha, si mwanafunzi) nafungua hakuna hata moja iliyouzwa na chini yangu kuna watu wameweka 720. Nikazitoa nikaweka upya 700. Jioni kuna za 520. Siku ya tatu nikazishusha 400, zikaenda tatu, alafu soko likanyamaza kimya. Leo bei imerudi laki tatu na kidogo, na nnazo 11 kwenye kasha zinaniangalia tu. Apdeti ikaja na ile fimbo haikuguswa hata kidogo. Kule kwenye grupu nikauliza nikaambiwa nna mikono dhaifu, yaani siwezi kushikilia mzigo, nikauliza tena nikatolewa.

Naomba kueleweshwa. Huu ni wizi au ndo biashara yenyewe? Wenye gemu hawana polisi wa mambo haya? Na nyie mnaocheza masoko mnajuaje kwamba bei iliyopanda imepanda kweli au imetiwa upepo?

---

chipsi_mayai:

Pole yakhe. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena ukalipia na gunia.

---

silva_chee:

Nauza silva bei nzuri kuliko dukani, malipo kwa simu, nicheki inbox usilie tena

---

chipsi_mayai:

^ Msimguse huyu. Kununua silva kwa pesa taslimu nje ya gemu ni marufuku, akaunti inafungwa na maksai wako humo humo ndani.

---

muhasibu_wete:

Wa alaykum salaam. Kijana pole, ila umeuliza vizuri mana umetaja na namba, wengi huja hapa kulia tu bila namba.

Kabla sijakujibu nna kazi nataka uifanye. Fungua hiyo fimbo pale Martlock, gusa ile grafu ya bei, weka wiki nne. Usiangalie mstari wa bei. Angalia zile nguzo za chini, idadi iliyouzwa kwa siku. Alafu niambie vitu vitatu: siku ya kawaida zinauzwa ngapi, siku ile uliyonunua ziliuzwa ngapi, na siku mbili kabla ya ile meseji ziliuzwa ngapi. Hiyo ya mwisho ndo nnayoitaka khasa.

Wakati unatafuta nkupigie hesabu ya makato, mana naona umeisahau kabisa. Kuweka oda sokoni Albion ni asilimia 2.5 ya bei unayoitaja, unalipa pale pale, iuzwe isiuzwe, na ukiiondoa hairudi. Fimbo 14 kwa 850,000, makato 297,500. Ukaweka upya kwa 700,000, makato 245,000. Ukaweka tena kwa 400,000, makato 140,000. Zile tatu zilizouzwa, kama una premiamu (uanachama wa kulipia) unakatwa asilimia 4, hiyo 48,000, kama huna ni mara mbili yake. Jumla umelipa 730,500 kwa ajili ya kupata 1,200,000. Yaani hata kabla hujaanza kuwalaumu wale wa Discord, zaidi ya nusu ya ulichouza kimeliwa na kule kushusha shusha bei. Mtu mwenye haraka sokoni analipa mara mbili.

---

kijana_wa_jangombe:

Duh kaka, hiyo hesabu sikuwahi kuipiga, nilikuwa naona inakatwa kidogo kidogo tu.

Nimeangalia. Siku ya kawaida zinauzwa 5 mpaka 7. Siku ile ya meseji 140 na kitu. Siku mbili kabla... zimeuzwa 41 na siku moja kabla 56. Bei siku hizo ni 300 mpaka 330.

Ah. Nshaelewa.

---

muhasibu_wete:

Ndo hivo. Fimbo inayouzwa sita kwa siku, ghafla inauzwa mia kasoro kidogo kwa siku mbili na hakuna aliyetangaza kitu. Hao ndo viongozi wako wananunua kwa laki tatu. Meseji ya saa nne usiku haikuwa inakuambia ununue pamoja nao, wao walikuwa wameshamaliza kununua. Walikuwa wanakutafuta weye uwe mteja. Zile za 560 na 640 ulizozichukua kwa haraka, kuna mtu aliziweka hapo, na kuna uwezekano mkubwa ni yule yule aliyekuandikia.

Kinachoumiza ni kwamba ni rahisi mno. Kitu kinachouzwa sita kwa siku, sokoni pale zipo labda thelathini. Ukizinunua zote thelathini rafu imebaki tupu, unarudisha nne kwa laki tisa, na kila atakayefungua anaona bei ni laki tisa. Ile si bei, ile ni ombi. Bei ni ile ambayo mtu katoa pesa. Alafu unaweka na oda ya kununua moja tu kwa laki saba, ionekane kuna mtu anazitaka, ukiiuzia hiyo moja imekwisha na hakuna nyengine nyuma yake.

Hebu fikiria kofia za viua za mkono, zile nzuri za kushonwa miezi. Kwa wiki zinauzwa ngapi mjini? Mtu mmoja mwenye pesa akizikusanya zote kabla ya Eid, bei atapanga yeye. Sasa mwambie huyo huyo afanye hivo kwa muhogo wa Mwanakwerekwe. Atanunua mpaka pesa imwishie na fuso la shamba linaingia asubuhi limejaa. Ile ngozi yako na vitambaa ulivyokuwa unavibeba ndo muhogo. Vinauzwa maelfu kwa maelfu kila siku, hakuna wa kuvitia upepo siku nyingi. Ulikuwa salama kwenye muhogo ukaifata kofia.

Gemu nyengine wana dawa kidogo. Old School RuneScape kila kitu kina kikomo cha kununua ndani ya saa nne, mtu mmoja hawezi kukausha soko peke yake kwa mara moja, inabidi awe na genge au akaunti nyingi. Na hilo soko lao la pamoja RuneScape lilipoanza Novemba 2007 bei yenyewe ilikuwa na mwongozo wa mfumo, huwezi kupita asilimia 5 juu wala chini, wakidhani wamemaliza ulanguzi. Wapi! Yakazuka magenge makubwa ya watu wanasukuma bei ya mwongozo kidogo kidogo kila siku, wanachama wadogo wakiwa wa mwisho kununua kama ulivyokuwa weye. Mwongozo ukawa ndo chombo chao. 2011 wakauondoa.

---

ustadh_wa_chwaka:

Bismillah. Mimi gemu sichezi ila wanangu wanacheza na swali hili nimelipenda kwa sababu jibu lake ni la zamani sana kuliko simu.

Hiyo ya kupandisha bei mtu asiye na nia ya kununua ina jina lake, inaitwa najash, na Mtume (SAW) ameikataza. Na kukusanya bidhaa ukaificha mpaka watu waitafute ni ihtikar, hiyo nayo imekatazwa. Na kuna ya tatu watu wengi hawaijui, kuwatokea njiani wenye kuleta bidhaa kabla hawajafika mjini ukawanunulia kabla hawajaijua bei ya soko. Hiyo nayo. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika vipengele, kwa mfano ihtikar wengine wanasema ni ya chakula tu, lakini najash sijui nani anaitetea.

Nlipokuwa mdogo nikifuatana na marehemu baba mnadani alfajiri. Tenga la vibua limewekwa chini, maji ya barafu yanachuruzika mpaka miguuni, dalali anaita ishirini ishirini ishirini, na jamaa mmoja kavaa kofia nyuma kabisa anaitikia na tano! Mtu wa hoteli anasema thelathini, yule wa nyuma na tano! Mie mtoto nikamwambia baba yule mtu ana pesa sana. Baba akaninong'oneza, yule tangu nimjue hajawahi kutoka hapa na samaki mkononi. Basi toka siku hiyo nikienda mnadani siangalii anayeita, naangalia anayebeba.

Kwaiyo kijana, kwa upande wa dini waliokufanyia ni madhambi ikiwa hiyo silva ina thamani kwa watu, na naona inayo. Kwa upande wa sheria za huo mchezo waulize wenye mchezo.

---

chipsi_mayai:

"siangalii anayeita naangalia anayebeba" ustadh hii naibandika ukutani

---

baharia_muscat:

Vijana habari zenu. Mie mtu wa Mkoani niko Muscat mwaka wa kumi na saba huu, kazi yangu ya zamu za usiku kwaiyo EVE Online nimeicheza sana, ile ya vyombo vya angani. Kama mnataka kusoma chuo cha ulanguzi basi ndo pale.

Kijana umeuliza kama wenye gemu wana polisi. Inategemea gemu. EVE inatengenezwa na kampuni ya CCP ya Iceland, toka 2003, na kwao wao kumdanganya mwenzio sokoni ni sehemu ya mchezo, inaruhusiwa. Ukilia kwao wanakwambia pole. Kitu wasichokisamehe ni kutumia kasoro ya programu, au kuuza pesa za gemu kwa pesa za kweli nje ya njia yao. Mpaka mchumi wa kusomea walimuajiri 2007, daktari wa falsafa mzima, kazi yake kutoa ripoti za bei za vyuma vya kufikirika. Na Valve, kampuni nyengine ya gemu, nao 2012 walimchukua Yanis Varoufakis, yule yule aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa Ugiriki 2015. Kwaiyo huko maskani wakikucheka waambie hilo.

Nikupeni kisa kimoja kinachofanana na cha fimbo. 2012 kulikuwa na vita vya makundi ndani ya EVE na ukiua meli ya adui unapata pointi kulingana na thamani ya vitu ulivyoviharibu. Thamani inatoka wapi? Kwenye wastani wa bei ya soko. Basi watu wachache wa genge la Goonswarm wakatafuta vitu ambavyo karibu hakuna anayeviuza wala kuvinunua, wakauziana wenyewe kwa wenyewe kwa bei za kichaa, mfumo ukaandika kwamba kitu hiki cha takataka kina thamani kubwa. Wakavipakia kwenye meli zao wenyewe wakazilipua wenyewe. Pointi zikamiminika, wakazibadilisha bidhaa za kweli, utajiri wa matrilioni ya ISK, pesa ya humo EVE. Alafu wakaenda wenyewe kuwaeleza CCP walivyofanya! CCP wakawapokonya. Sasa rudi kwenye maneno ya muhasibu, soko lenye wauzaji wawili watatu bei yake anaipaka rangi yeyote.

(ISK kwa taarifa yenu ndo kifupi cha pesa ya Iceland pia, wamefanya makusudi hao.)

Hao hao Goonswarm 2011 walizuia watu kuchimba barafu maeneo ya Gallente, dola moja ya humo, kila mchimbaji akionekana anapigwa, na ile barafu ndo inatoa mafuta ya meli kubwa na vituo. Bei ikaruka. Na wao kabla ya kuanza kupiga watu walikuwa wameshajaza maghala. Unaona mpangilio ni ule ule? Ghala kwanza, kelele baadae.

Alafu kulikuwa na technetium, madini ya kwenye miezi, mingi ya miezi hiyo ilikuwa upande mmoja wa ramani. Wenye miezi wakaunda umoja wao wa kupanga bei kama ule wa nchi za mafuta, wakala raha. Nani aliwavunja? Si jeshi. Wenye gemu walifungua njia nyengine ya kutengeneza bidhaa ile ile bila kuitegemea technetium sana, na bei ikashuka. Sie Wapemba hili halihitaji mwalimu. Kulikuwa na zama karafuu ya dunia nzima nyingi yake ilitoka kwetu, wenye kuitaka wakabembeleza, Indonesia wakapanda yao na leo wao ndo wa kwanza. Na ndani nako, karafuu mnunuzi wake kisheria ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, lakini ng'ambo ikiwa na bei nzuri zaidi mashua zilivuka usiku kwenda upande wa Kenya. Mzee wangu mmoja (simtaji) alikuwa anasema mkondo wa Pemba unajua bei kuliko redio.

Kubana bei kunataka ubane kila mlango. Ukiacha mmoja wazi umekwisha.

---

michenzani_fc:

Nyie mnazungumza habari za angani, mie nawaletea ya mpira. Kwenye EA FC Ultimate Team soko la wachezaji lina sakafu na dari, kila kadi ina bei ya chini na bei ya juu, waliweka Machi 2015 wakati wa FIFA 15 kuzuia wauza koini na mambo haya haya. Na kila ukiuza wanakata asilimia 5. Mnadhani ulanguzi umekwisha? Hapa kwenye ukumbi wetu wa gemu kuna dogo wa form two hajui hesabu za skuli lakini jioni ikifika anakwambia leo wataleta changamoto ya kutengeneza timu itataka kadi za kiwango cha 84, ananunua kadi za 84 za wachezaji hata hawajulikani, usiku changamoto inatoka anaziuza mara mbili.

Na dari ndo inaleta vituko. Kadi ikitakiwa na kila mtu bei inagonga dari alafu inapotea, sokoni hakuna kabisa, anayo mtu lakini haitoi. Ni sukari ya Ramadhani hii! Serikali inatangaza bei elekezi, unakwenda dukani mwenye duka anakuangalia usoni anakwambia imekwisha, ukimjua kwa jina inatoka chini ya meza.

---

chipsi_mayai:

Kwani wenye gemu wenyewe si ndo walanguzi wakubwa? Counter-Strike (CS), ile gemu ya bunduki, Oktoba 2025 Valve walitoa apdeti moja tu, skini (mapambo ya silaha) nyekundu tano unaweza kubadilisha upate kisu au glavu, visu vikaporomoka usiku mmoja na zile nyekundu zikapanda. Watu walikuwa wameweka akiba ya harusi humo. Hakukuwa na genge wala Discord, ni mwenye duka kabadilisha mizani.

---

baharia_muscat:

Kweli chipsi, ila pale kila mtu alisoma habari kwa wakati mmoja. Tofauti ni nani anajua kabla. Kama kuna mfanyakazi wa ndani alinunua nyekundu siku moja kabla hapo tungezungumza mengine, na simaanishi yupo.

---

mwanamwani:

Mie nimesoma yote mpaka hapa nna swali dogo tu kwa kaka wa Jang'ombe na asinichukie.

Ulinunua 14. Uliambiwa usiuze chini ya laki tisa. Unajua kabisa siku mbili nyuma ilikuwa laki tatu au hukujua? Kama zile 14 zingeuzwa kwa 850 usiku ule, kuna kijana mwengine labda wa Misri labda wa Poland angeamka asubuhi na fimbo zimemdodea. Ungekuja hapa kuuliza kama huu ni wizi?

Sikutukani. Nimekulia Makunduchi, mama analima mwani, mnunuzi anakuja na mizani yake na bei yake kutoka mfukoni, mwaka huu hii mwaka kesho imeshuka, na wewe mzigo umeshakauka huwezi kuurudisha baharini. Yule hana pa kukimbilia. Wewe ulikuwa na kitufe cha kutonunua.

---

chipsi_mayai:

😶

---

muhasibu_wete:

Mwanamwani kapiga nyundo penyewe. Mie nilikuwa naizunguka tu. Yale magrupu hayauzi habari, yanauza nafasi ya kuwa wa pili kutoka juu, na kila mtu humo anadhani wa chini yake yupo. Mia nne wameingia, kumi walinunua kwa laki tatu, labda thelathini wametoka na faida kidogo, waliobaki ndo soko lenyewe.

---

kijana_wa_jangombe:

Dada mwanamwani sikuchukii ila umenikata maini. Nilijua. Yaani nilijua ilikuwa laki tatu, niliiona kwenye grafu kwa mbali nikasema aah mie ntatoka mapema. Na zile wiki mbili nilizotazama zikapanda, sasa ndo najiuliza kama zilipanda au nilionyeshwa tu.

Ustadh shukran, lile la mnadani nimemsomea mama akacheka sana akasema hata yeye anamjua mtu wa hivyo pale Malindi. Mzee wa Muscat Mungu akuweke.

Sasa hizi 11 nifanyeje? Nimefikiria kuzipeleka Caerleon kule soko la magendo, wale wa gemu wenyewe wananunua vitu pale ndo vinakuja kuokotwa na watu wanaoua mashetani. Ila njia ya kwenda kule ni eneo jekundu, nikikamatwa na genge wanachukua fimbo na maksai na nguo nilizovaa.

---

muhasibu_wete:

Usiende na zote. Na kabla hujenda angalia pale wananunua kwa ngapi leo, si jana, mana soko la magendo nalo linapanda likikosa mzigo na linashuka wakishaupata, na hukuwa peke yako kununua hizo fimbo, wenzio mia tatu wana wazo hilo hilo. Mie ningeweka tatu tatu kwa bei ya kawaida, laki tatu na kumi, naziacha pale siku thelathini nakwenda zangu kubeba ngozi. Sita kwa siku zinauzwa, zamu yako itafika. Usizishushe tena, kila ukigusa unalipa.

---

chipsi_mayai:

Seva ya Ulaya si ndo ulisema? Mie nipo huko. Mwanangu anataka kuijaribu hiyo fimbo, nadhani nimeshaijua ni ipi. Tukutane Martlock tubadilishane mkono kwa mkono, hapo hamna makato ya soko. Mbili, laki mbili na themanini kila moja.

---

kijana_wa_jangombe:

Laki tatu. Sokoni ziko 312 muda huu.

---

chipsi_mayai:

Hiyo 312 ni ombi, si bei, hukusikia muhasibu? 285.

---

kijana_wa_jangombe:

290 na uchukue tatu. Baada ya Isha, mbele ya benki.

---

chipsi_mayai:

Haya. Na usije na mtu wa kusimama nyuma anasema na tano.